Udi Niliofukiza Jumamosi

Jumapili, baada ya adhuhuri

Raya,

Zuwena wetu hayupo. Mama yako ameondoka naye asubuhi hii kwa gari la Micheweni. Nimeliandika jambo hilo katika daftari langu kama ninavyoandika mambo yote: siku, hali ya hewa, kilichotokea. Mstari mmoja. Nikautazama mstari ule muda mrefu, nikaona hausemi kitu. Kwa hiyo nakuandikia wewe, mwezi wa tano huu tangu tukuzike, ingawa barua hii haina wa kuipeleka.

Nataka ujue jinsi nilivyompoteza. Laiti ningempoteza kwa uchafu, ningejua pa kujilaumu. Nimempoteza kwa kusafisha nyumba.

Siku ya hitma yako ya arubaini mama yako aliniita kando, nyuma ya jiko. Alikuwa amejitanda buibui lake mpaka kidevuni, akaongea huku akitazama chini, nami nikatazama chini vile vile, maana wajua mimi na mama yako tulivyo. Miaka sita nimekuwa mkwewe, sidhani kama nimemtazama usoni mara tatu. Akasema, "Mwanangu, mtoto wa kike huyu. N'takwachia kwanza, nione. Siku n'kiona hali si hali, n'namchukua." Nikasema, "Ndiyo, mama." Haki ya kulea ni yake, hata kadhi angeniambia hivyo. Aliniachia kwa huruma tu, na tangu siku ile nimekuwa nikiishi ndani ya huruma ile kama mpangaji.

Sikulea vibaya, Raya. Zuwena alikula, alioga, aliandamana nami shule akakaa nyuma ya darasa na kibao chake. Ila nyumba ilinishinda. Nikirudi shule ni kuni, maji, kupika, kumlaza, kisha madaftari ya watoto. Jambo lililohitaji kungoja lilingoja. Ukuta nyuma ya kandili ukawa mweusi. Chandarua kikatoboka. Kamba za kitanda zikalegea mpaka Zuwena akawa anaporomokea katikati na kulala magoti mdomoni. Nguo zilizofuliwa na zisizofuliwa zilikaa katika rundo moja, na kila asubuhi nilichagua kwa kunusa.

Jumatano dereva wa gari alinipigia honi nje ya shule. Mama yako ameniagizia: yuwaja Jumamosi, atalala, ataondoka Jumapili. Bahati shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Jioni ile niliingia nyumbani na kuitazama nyumba kwa macho ya mama yako. Nikakaa kitako nikaandika kazi zote zilizolala, moja moja. Zilikuwa kumi na moja. Kila moja nikaipa saa yake. Nilikusikia ukinicheka: "Mwalimu, hata kufua kuna ratiba?"

Jumamosi nilianza mara baada ya sala ya alfajiri. Nilibeba nguo zote mpaka kisimani nikiamini sitamkuta mtu, nikamkuta Bi Time. Jirani yako huyu hajaniacha, Raya. Ndiye aliyekuosha, na mpaka leo hajapita mlangoni petu bila kuuliza mtoto kala nini. Alinitazama nikifua kwa muda, akashindwa kustahamili.

"Lete hapa," akasema. "Wafua kama wafuta ubao."

Akanionesha chandarua hakikamuliwi, hunyanyuliwa kikachuruzika chenyewe. Akanifulia foronya mbili, nyingine akanirudishia nijifunze. Shuka ya kila siku nilipoikunjua ilikuwa imechanika katikati kabisa, siyo ya kumtandikia mgeni. Nikarudi nyumbani nikafungua sanduku lako. Chini kabisa nikaikuta ile nyeupe ya tarizi, uliyoletewa siku ya arusi yetu, ambayo ulikuwa ukiitoa na kuirudisha bila kuilalia. Nikaona basi, kama haitandikwi kwa mama yako itatandikwa kwa nani? Nikaifua kwa buluu ya kufulia, nikaianika uwanjani pamoja na chandarua, na upepo ukaijaza, ikaonekana mpaka njia kuu.

Kisha kitanda. Nilizikata kamba za zamani zote, nikawamba upya kwa kamba za makumbi nilizonunua Wete. Zuwena alinishikia ncha. Ana miaka minne lakini alivuta kwa nguvu zake zote, ameuma ulimi kwa nje kama unavyouma wewe ukivuta uzi. Nilikosea mara ya kwanza, kamba zikapishana vibaya, nikalazimika kufungua nusu ya kitanda. Tulikuwa tumekitoa nje, chini ya kivuli cha paa. Bi Time akapita na ndoo yake kichwani, akasimama.

"Mwalimu! Shuka ya tarizi kwenye kamba, na kitanda chawambwa upya? Haya, pilau twala lini?"

"Subiri, Bi Time," nikamjibu. "Si mbali."

Nilicheka, Raya. Nilidhani ananitania kwa jinsi ninavyojitaabisha na kazi za wanawake. Nami nikatania. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwa sauti tangu uondoke, na Zuwena alinitazama kwa mshangao, kisha naye akacheka bila kujua anachocheka. Nakumbuka niliwaza kwamba siku hii inakwenda vizuri.

Chokaa niliipaka mwenyewe chumbani, kuta zote nne, kwa brashi ya kumbi. Ilipofika saa nane chumba kilikuwa cheupe kama yai. Nikaingiza kitanda, nikafunga chandarua, nikatandika. Nguo za Zuwena nilizipiga pasi ya makaa, zote, hata zile za kuchezea, nikazikunja, nikazipanga juu ya kiti, za ndani chini, gauni juu. Kazi kumi zilikuwa zimekwisha. Iliyobaki ilikuwa harufu.

Chokaa mbichi yawasha pua, na mafuta ya taa yalikuwa yamemwagika pembeni nilipokuwa nasafisha kandili. Mama yako ndiye angelala chumbani humo na Zuwena. Mimi ningelala ukumbini. Nikasema nitafukiza ubani. Nikatafuta kopo la ubani, tupu. Tuliumaliza katika hitma zako. Ndipo nikakumbuka kikopo chako cha udi, kilichofungwa kwa kitambaa, ndani ya sanduku lile lile.

Sikuwahi kukishika kikopo hicho. Ilikuwa kazi yako. Mimi nilijua tu kwamba zipo siku nikiingia chumbani nakuta kunanukia, na wewe umekaa, na mimi nafurahi. Sikuwahi kukuuliza kwa nini siku hizo na si nyingine. Kwangu ulikuwa udi wako, basi. Sikuwaza kwamba harufu hiyo ikitoka dirishani inamwambia kitu mtu anayepita njiani.

Nikatia makaa katika chetezo, nikaweka kipande kimoja kidogo.

Zuwena alikuwa uwani anacheza. Moshi ulipomfikia alikuja mbio, miguu ina mchanga, akasimama mlangoni. Hakutazama ukuta mweupe wala kitanda. Alizungusha macho chumba kizima, mpaka nyuma ya mlango.

"Baba," akasema, "mama yuwaja?"

Nimefundisha miaka minane. Naulizwa maswali kutwa. Mtoto huyu nilishamwambia, mara nyingi, kwa upole, kwamba mama yuko kwa Mungu, na alishakubali, alishaacha kuuliza. Sasa amesimama pale na uso ambao sijauona tangu ugonjwa wako uanze. Nilisema, "Inshallah."

Nilijua ninaposema kwamba si mahali pake. Lilinitoka tu.

Akakaa chini kando ya chetezo, akakumbatia magoti, akangoja. Moshi ulipopungua akanigeukia na kusema, "Baba, tia tena." Nikatia kipande cha pili. Kikubwa.

Kipande hicho ndicho kilichokuwa kinaungua mama yako alipopiga hodi.

Nilitoka kumpokea, nikamchukulia kikapu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hamjambo?" "Hatujambo, mama." Akavuka kizingiti, akasimama. Nilimwona akivuta pumzi kwa pua. Akasogea mpaka mlango wa chumba, akatazama ndani: kuta, kitanda, chandarua cheupe, ile shuka.

"Nani kafukiza?"

"Mimi, mama."

"Weye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Udi wa nani huu?"

"Wa Raya, mama."

Akakaa juu ya mkeka bila kuvua buibui. Nilidhani ni uchovu wa safari. Nilimletea maji, akayashika bila kunywa. Hapo Zuwena akamrukia shingoni.

"Bibi! Mama yuwaja!"

"Nani kakwambia?"

"Baba. Kasema Inshallah."

Mama yako aliinua uso akanitazama. Alinitazama sawasawa, machoni, na mimi kwa adabu nikainamisha yangu. Kama ningemtazama pengine ningeelewa. Akasema taratibu, "Sikulaumu, mwanangu. Mwanamume hakai hivihivi. Nyumba umeitengeneza vizuri. Mungu akujaalie la kheri."

Nikaitikia, "Amin, mama."

Niliitikia, Raya. Kwa moyo mmoja. Nilidhani ananisifu kwa kazi. Nilidhani maana yake ni kwamba mwanamume hakai hivihivi bila kujitahidi, na kwamba nimefaulu mtihani. Nilikwenda jikoni kumtengenezea chai nikiwa nimejaa furaha, nikamtilia hiliki.

Usiku ule hakulala kitandani. Asubuhi nilikuta shuka ya tarizi haina hata mkunjo. Alikuwa amelala chini kwenye mkeka na Zuwena. Nikamuuliza kama kitanda kimemuumiza. Akasema, "Kitanda kina mwenyewe." Nikadhani anamaanisha wewe.

Kisha akaniuliza nguo za mtoto ziko wapi. Nikamwonesha kiti. Nguo zote safi, zimekunjwa, zimepangwa. Alizihamishia kikapuni kwa mara mbili tu za mkono. Hakuwa na la kutafuta wala la kukunja. Nilikuwa nimemfungia mzigo mimi mwenyewe.

Nilisema, "Mama, naomba abaki." Sauti yangu haikuwa ya mtu mzima.

"Abaki na nani?"

"Na mimi, mama. Nimeona naweza."

"Weye waweza. Sisemi weye." Akafunga kikapu kwa ukili. "Mie nayajua malezi ya aina hiyo. Nimeyala."

Nilisimama pale nikiligeuza neno lile. Nayajua malezi hayo, nimeyala. Uliwahi kunisimulia kwamba mama yako alikulia kwa mama wa kambo, akila ukoko wa wali na wenzake wanakula wali, mpaka alipoolewa. Nililikumbuka hilo, nakwambia kweli, nililikumbuka pale pale, na bado sikuunganisha. Niliwaza tu kwamba nimepungukiwa na kitu fulani, kazi ya kumi na mbili, ambayo sikuiandika.

Zuwena hakulia. Hilo nalo nikwambie. Alifurahia gari. Alikaa dirishani juu ya mapaja ya bibi yake akanipungia mkono, na gari lilipoanza kwenda akapiga ukelele, "Baba, mama akija mwambie n'ko kwa bibi!"

Nilibaki barabarani. Bi Time akatoka kwake, ameshika upawa mkononi.

"Kamchukua?"

"Kamchukua."

"Basi Mungu atakupa wengine. Arusi yenyewe lini, na waoa wapi? Jana hukunambia."

Nikamuuliza arusi gani.

Alinitazama, Raya, kama ninavyomtazama mtoto aliyefika darasa la nne na hajui alifu. "Mwalimu," akasema, "weye husomi? Chokaa chumbani. Kitanda chawambwa. Chandarua. Shuka ya arusi umeianika kijiji kizima kinaiona. Halafu wafukiza udi alasiri. Msiba twafukiza ubani. Udi ule si wa mgeni wala si wa mkwe. Udi ule chumbani, wangojewa mtu. Mie mwenyewe nshaanza kutafuta nguo ya kuvaa."

"Bi Time, ubani ulikuwa umekwisha!"

"Ungekuja kwangu nikakupa."

Ni kweli. Ningekwenda hatua ishirini akanipa.

Hapo ndipo yote yalinijia kwa pamoja, moja nyuma ya jingine. Mama yako aliingia akakuta chumba cha mwanawe kimepambwa kwa ajili ya mwanamke mwingine. Shuka ya mwanawe. Na aliponiuliza udi ni wa nani, nilimjibu bila kupepesa kwamba ni wa Raya. Mtoto akamwambia mama yuwaja. Naye badala ya kunitukana akaniombea kheri, na mimi nikasema Amin.

Nilikimbia. Nilikimbia na kanzu yangu nimeikunja mkononi mpaka kupita shule, mahali barabara inapoteremka, na gari lilikuwa halionekani hata vumbi. Nikarudi. Watu walinisalimia njiani, na mmoja akanipa hongera.

Tangu saa hiyo nimekaa hapa natafuta njia, na kila njia naiona imeziba. Nimwandikie mama yako? Hasomi. Barua atasomewa na mtu, mbele ya watu, na ndani yake itakuwa nini? Kitanda. Shuka. Udi. Mambo hayo mtu hayataji mbele ya mkwe hata wakiwa wawili, sembuse yasomwe barazani. Nimwendee? Nitakaa mbele yake nimeinamisha kichwa, na atanikaribisha, na atanipa chai, na mdomo wangu utakuwa mzito kama ulivyokuwa jana. Bi Time nilimwomba aende yeye. Akasema, "Niende nikaseme nini? Mwanamke akipelekwa na mwanamume kwa watu, hupelekwa kuposa. Nikitokea mlangoni pake kwa ajili yako atajua nimekuja kumpa habari ya arusi." Anasema kweli. Hata wa kunisemea akinisemea, anazidi kunioza.

Na lipo jambo jingine, nalo nakwambia wewe tu. Nikifanikiwa kumweleza, nikamwambia, mama, sioi, palikuwa hapana mtu, atauliza: basi mtoto ulimwahidi nini uliposema Inshallah? Nitamjibu nini? Kwamba nilimwona mwanangu anakungojea wewe, nikashindwa kuzima makaa?

Kuna shuka kitandani ambayo hakuna aliyeilalia. Nimeitazama toka adhuhuri. Siwezi kuitandua, siwezi kuilalia. Kazi zote kumi na moja nimezitia alama katika daftari, na nyumba hii haijawahi kuwa safi namna hii tangu tuingie, na ndani yake hamna mtu ila mimi. Nimefagia mara mbili leo. Mara ya pili hapakuwa na taka.

Gari linakwenda tena Jumanne. Nimejaribu kuandika maneno nitakayosema, maana bila kuandika sijui kufikiri. Nimeandika: "Mama, siku ile chumbani..." nikafuta. Nimeandika: "Mama, ubani ulikuwa umekwisha." Hilo nimeliacha. Ni neno dogo na halina aibu, na pengine mwanamke aliyefukiza ubani katika msiba wa mwanawe mwenyewe akilisikia ataelewa yaliyobaki. Pengine hatalielewa. Sijui nitasema nini baada yake.

Nakuahidi nitakwenda, Raya. Sina ahadi ya kurudi na mtoto, hiyo haimo mkononi mwangu. Naahidi kwamba safari hii nitainua macho yangu nimtazame mama yako usoni kama yeye alivyonitazama, japo anione sina adabu. Na nitamkalisha Zuwena nimwambie upya kuhusu wewe, bila Inshallah. Hilo naliogopa kuliko la kwanza.

Mungu akulaze kwa raha huko uliko. Wakikuuliza, waambie mumeo hajaoa.

Baba Zuwena